Mwewe Aliyejua Jumapili

Mwewe wa kwetu alikuwa anaijua Jumapili. Siku nyingine alipita juu, akazunguka kidogo, akapiga mluzi wake mwembamba, akaenda zake. Jumapili alishuka.

Mara ya kwanza hatukutia maanani. Tulirudi kutoka kanisani, mume wangu, mama mkwe wangu na mimi, tukamkuta Bibiye amesimama katikati ya ua, manyoya yamemsimama kama mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Bibiye ni kuku wa mama, ana madoadoa na maringo mengi, na wakati huo alikuwa analea vifaranga. Vifaranga wenyewe walikuwa chini ya karo la kufulia, wamebanana, hakuna aliyethubutu kulia. Yule mweusi mwenye alama nyeupe kichwani hakuwepo.

Jirani yetu alichungulia juu ya ukuta. Ni dereva mstaafu, na mtaa mzima unamwita Daktari kwa sababu ana dawa ya kila kitu.

"Poleni," alisema. "Kaja mwewe, kachukua, kaondoka. Hata chai yangu haikupata nafasi ya kupoa."

"Na wewe ulifanya nini?" mama akamuuliza.

"Nilipiga kelele."

"Ukasemaje?"

"Nilisema, we mwewe."

Mama alimtazama kwa muda, kisha akaingia ndani kubadilisha viatu.

Jumapili iliyofuata alikwenda kifaranga mwingine, saa zile zile za ibada. Daktari akampa mwewe jina, akamwita Muumini. "Hakosi Jumapili hata moja," alisema. "Hebu niambieni, kanisani kwenu wapo wangapi wa hivyo?"

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi jina lile lilinikaa moyoni. Mimi ni mtu wa kusali. Nasali nikiloweka, nasali nikisuuza, nasali nikisubiri pasi ipate moto. Sasa kwa nini siku tunayokwenda kumshukuru Mungu iwe ndiyo siku ya kunyang'anywa? Sikuuliza kwa hasira. Nilitaka kujua tu, na nadhani Mungu hachukizwi na mtu anayetaka kujua.

Kazi yangu ni udobi. Nafulia nyumbani mashuka ya nyumba ya wageni iliyo barabara ya juu, vitambaa vya meza vya mgahawa, na makoti meupe ya duka la dawa. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na ndiye aliyenisimamishia nguzo uani, akazichomelea vyuma vya kufungia kamba. Kuanzia Jumatatu ua wetu unakuwa mweupe wote. Ukitaka kwenda chooni unasukuma shuka kwa mkono, unasukuma la pili, la tatu, ndipo unafika. Kuku hupita chini, na mimi huwafukuza kwa ufagio wasichafue mapindo.

Jumamosi jioni naanua kila kitu, napiga pasi, mume wangu anapeleka mizigo kwa baiskeli. Halafu nafungua kamba, nazikunja, nazitundika msumarini nyuma ya mlango wa jiko. Nafagia ua nikirudi kinyumenyume, mpaka nyayo zangu mwenyewe zisionekane. Ndivyo mama yangu mzazi alivyonilea, kwamba siku ya Bwana isikute alama ya kazi. Ua ule mtupu wa Jumamosi jioni nilikuwa najivunia kuliko nyumba yenyewe.

Mama mkwe alikuja kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja na Bibiye ndani ya kikapu, na sanduku la bati la kijani lililofungwa kwa mkanda. Bibiye alimwachia uani siku hiyo hiyo. Sanduku alilisukuma chini ya kitanda na hakulifungua vizuri mpaka siku hii ninayoisimulia. Alitoa gauni moja, akalivaa, nikalifua, akalirudisha. Nikimwambia, "Mama, kabati lina nafasi," ananijibu, "Nguo zangu zimezoea sanduku." Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anauza vipuri vya magari mji mwingine, na kila akipiga simu anamwambia mama chumba kipo tayari, amekipaka rangi. Mama anamjibu, "Nitaona."

Kabla hajaja, mashuka ya vitanda vikubwa nilikuwa nakunja kwa kubana na kidevu. Siku ya pili tu tangu afike, alikuja akashika pembe za upande wa pili bila kuombwa. Shuka hukunjwa hivi: mnavuta, mnalipiga lipige kofi hewani, kisha mnaendeana mpaka mikono ikutane, mmoja anaacha pembe zake na kuinama kushika mkunjo, mnarudi nyuma tena. Kila tunapokutana tunasemezana kidogo, halafu tunaachana. Kwa njia hiyo nimejua alikozaliwa, nimejua kwamba mume wangu utotoni aliwahi kuvalisha mbuzi viatu vyake, na nimejua jinsi baba mkwe alivyoaga dunia. Mezani mama ni mkimya. Maneno yake yote niliyapata kwenye mashuka.

Jumapili ya tatu mama hakwenda kanisani. Mume wangu alikuwa amesema mwewe anajua nyumba haina mtu. Basi mama akaketi uani kwenye kigoda, fimbo magotini. Tuliporudi alikuwa bado ameketi vile vile.

"Alinipita hapa," alisema, akigusa sikio lake. "Nilisikia upepo. Mpaka nageuka, yuko juu na kifaranga."

Kwa hiyo halikuwa suala la nyumba kuwa na mtu. Na mimi nikakumbuka Jumatano moja nilipopeleka mzigo wa dharura, mume wangu yuko karakana, mama yuko zahanati, nyumba imefungwa kabisa. Siku hiyo vifaranga wote walikuwepo, wanachakura chini ya mashuka kana kwamba dunia haina mwewe. Nilimweleza mume wangu.

"Basi huyo ana kalenda," alisema.

"Sitanii."

"Hata mimi sitanii. Kama si kalenda, ni nini?"

Swali likaanza kunifuata kama paka.

Kesho yake, tukikunja, mama alianza kusema. Tulipoendeana mara ya kwanza alisema, "Naona hapa hapafugiki kuku." Tukarudi nyuma, tukavuta. Mara ya pili alisema, "Kwa mdogo wa mumeo kuna banda lenye wavu." Mara ya tatu alisema, "Anakuja na gari Jumapili ya mwisho wa mwezi. Sitaki uhuzunike."

Pembe ya shuka ilinitoka mkononi.

"Mama, hao ni kuku tu."

"Mwanangu," alisema, akainama kuiokota pembe kabla haijagusa chini. "Nilitoka kwangu na kitu kimoja chenye uhai. Kikiisha mbele ya macho yangu, nabaki hapa kama nani? Mgeni wa kukunja mashuka."

"Nipe nafasi. Nitajua huyu mwewe anataka nini."

"Anataka vifaranga," alisema mama. "Hilo hata mimi nalijua."

Nilikwenda kwa Daktari. Alinipa dawa nyingi kwa pamoja, na mimi nikazinywa zote. Alisema mwewe haogopi mtu aliyekaa, anaogopa mtu aliyesimama, kwa hiyo tutengeneze mtu. Mume wangu akatoa ovaroli lake kuukuu, tukalijaza matambara, juu yake tukamvika kinyago cha kuchomelea chenye kioo cheusi. Alitisha. Jioni nilisahau kwamba yupo, nikamwambia shikamoo. Daktari akasema pia kwamba mwewe hali kitu asichokijua rangi yake. Mimi nina buluu ya kufulia. Tukawachovya vifaranga mmoja mmoja, wakatoka wana rangi ya mbingu, na Bibiye akawakagua kwa jicho moja, akawakagua kwa jicho la pili, mwisho akawakubali.

Jumapili ile Daktari alitungojea ukutani, uso umemshuka.

"Ametua," alisema.

"Wapi?"

"Kichwani kwa mtu wenu. Amekaa pale anachagua, kama mteja. Halafu akachukua wa buluu."

"Wote ni wa buluu," mume wangu alimwambia.

"Ndiyo maana nasema alichagua."

Mama alikwenda chumbani, na kupitia mlango nilimwona amelivuta sanduku kidogo kutoka chini ya kitanda, anaujaribu mkanda kama bado unashika. Usiku ule maombi yangu yalikuwa mafupi. Nilisema, Bwana, sikuombi umuue mwewe, naye umemuumba wewe. Nionyeshe tu ninachokitazama bila kukiona.

Jumatatu bomba lilikauka. Jumanne likawa kavu vile vile. Mizigo ya nguo chafu ilirundikana kizingitini, na kamba zikabaki msumarini nyuma ya mlango, kwa sababu hakukuwa na cha kuanika. Mama na mimi tulikuwa jikoni tunamenya vitunguu, mara Bibiye akatoa ile sauti yake ya hatari, ndefu, ya koo. Kivuli kilipita kwenye sakafu ya jiko. Mama alitupa kisu akakimbia, na nilipofika mlangoni mwewe alikuwa tayari anapanda, miguu yake imekunjwa chini ya tumbo, na kitu cha buluu kwenye kucha zake.

Mama alisimama uani anahema. Mimi nilibaki mlangoni.

"Leo Jumanne," nilisema.

"Nini?"

"Mama, leo ni Jumanne."

"Kifaranga amekwenda, na wewe unanisomea siku?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mimi nilihisi mzigo umenishuka mabegani. Halikuwa jambo la Jumapili. Mungu hakuwa ametugeuzia mgongo siku yake mwenyewe. Nilishukuru kimoyomoyo, halafu nikaona aibu, kwa sababu kifaranga alikuwa amekufa kweli.

Nilitoka kumwendea mama. Nikitoka jikoni kila siku ya kazi, hatua ya kwanza tu mkono wangu wa kulia hunyanyuka wenyewe kusukuma shuka. Siku ile pia ulinyanyuka. Ukapita hewani. Hakukuwa na cha kusukuma.

Nikasimama na mkono wangu juu namna ile, kama askari wa barabarani. Kisha nikatazama juu. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kuliona anga kutoka uani kwangu siku ya kazi. Sasa lilikuwa pale, lote, limeenea kutoka ukuta hadi ukuta kama mlango ulioachwa wazi.

"Umepatwa na nini?" mama aliniuliza, sauti imebadilika.

"Mama, Jumapili ua wetu unakuwaje?"

"Unakuwa safi."

"Na leo?"

Alitazama nguzo tupu. Alitazama juu, mkono umekinga jua. Kisha akasema polepole, "Wewe unamfagilia njia."

Maji yalirudi Alhamisi. Nilifua kama mtu aliyetoka kifungoni, nikaanika ua mzima, kisha nikamwomba mume wangu aegemeze ngazi kwenye paa la jiko.

"Unatafuta nini huko juu?" aliuliza, ameshika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Nataka kuwa mwewe kidogo."

"Haya. Ila kuku wetu usiwaguse."

Daktari aliniona kutoka kwake. "Jirani, umechoka kuishi chini?"

Mimi nilikuwa nashangaa. Kutoka juu, ua wangu haukuwepo. Kulikuwa na weupe tu, unainuka na kushuka kwa upepo. Niliwasikia vifaranga lakini sikumwona hata mmoja, ingawa nilijua wako buluu tupu. Na hata kama ningewaona, ningeshukia wapi? Kila upande kamba, kila upande kitambaa kinachopiga kofi. Ndege mwenye mabawa mapana vile anahitaji nafasi ya kuingilia na nafasi ya kutokea. Siku zote za kazi nilikuwa namfungia mlango bila kujua. Na Jumamosi, kwa ibada yangu yote na ufagio wangu, nilikuwa namfungulia.

Nilishuka nikawaeleza. Mume wangu alisema, "Basi imekwisha. Jumapili mashuka yasianuliwe."

"Mashuka ni ya watu," nilisema. "Jumamosi jioni wanayataka. Nyumba ya wageni haiwezi kulaza watu kwenye magodoro matupu kwa sababu ya kuku wetu."

"Acha kamba peke yake."

"Mwewe aliyekaa kichwani kwa ovaroli lako ataogopa kamba?"

Na lilikuwepo lingine ambalo sikulitaja mara moja. Siku ya Bwana ua wangu uonekane umejaa kufua? Mama yangu mzazi angesema nini? Jumamosi jioni nilipomaliza pasi na mizigo ikaondoka, nilisimama chini ya kamba nikiwa sijui nizifungue au niziache. Kesho yake shemeji alikuwa anakuja. Mama alinikuta pale.

"Unasali au unafikiri?"

"Vyote viwili. Mama, kuanika ni kazi."

"Kuanika ni kazi," alikubali. "Kuanikwa si kazi. Shuka ukilitundika leo, kesho linapumzika pale pale kama sisi wengine."

Nilicheka, na kucheka kukanifungua. Lakini nilimwambia tatizo bado lipo. Mashuka yetu wenyewe ni mawili, na moja liko kitandani.

Mama aliingia ndani. Nilisikia bati likikwaruza sakafu, nikasikia mkanda ukifunguliwa, na mfuniko ukigonga ukuta. Alitoka amekumbatia mashuka mpaka kidevuni, na harufu ya vidonge vya nondo ikatangulia mbele yake. Yalikuwa mazito, ya zamani, yamedariziwa mapindo kwa uzi mweupe, mengine yana viraka vilivyoshonwa kwa mkono mtulivu. Aliyaweka kwenye karo.

"Haya ni ya ndoa yangu," alisema. "Yamekaa gizani sana. Yaloweke, yananuka."

Tuliyafua pamoja kabla giza halijaingia. Kuanika alianika mwenyewe, na mimi nilimpa vibanio. Yalitosha kamba zote.

Kanisani Jumapili ile tuliketi watatu, mama katikati. Nilifumba macho kama wengine, ila sikio moja niliacha nyumbani. Tuliporudi gari la shemeji lilikuwa limeegeshwa nje, na mwenyewe tukamkuta uani amepotea, anasukuma shuka hili anakutana na lile.

"Shemeji," aliniita kutoka mahali fulani, "nyumba imekuwa hospitali?"

Sikumsalimia kwanza. Niliinama, nikatazama chini ya mapindo. Bibiye alikuwa anachakura karibu na karo, na vifaranga wote aliobaki nao walikuwa wanamzunguka, buluu imeanza kuwapauka.

"Muumini alikuja," Daktari alisema kutoka ukutani kwake, bila kungoja kuulizwa. "Alizunguka, akazunguka. Akakaa kwenye nguzo ya umeme, akatazama chini muda wote wa chai yangu. Chai ikapoa kabisa. Halafu akaondoka. Nadhani amebadili dhehebu."

Shemeji alimsalimia mama, akauliza afya yake, kisha akasugua mikono kama mtu mwenye safari. "Mama, sanduku liko wapi nilitie garini? Nataka tufike mapema."

"Liko chini ya kitanda," mama alisema. "Lichukue."

Aliingia. Alitoka amelibeba kwa vidole viwili, akalitikisa, akalifungua pale pale. Ndani kulikuwa na vidonge vya nondo na mkanda.

"Halina kitu."

"Magauni yangu yapo kabatini. Hayo mengine ndiyo yanakupiga usoni."

Shemeji alitazama shuka lililokuwa mbele ya pua yake, akaligusa pindo lile lililodariziwa. Nadhani alilikumbuka. Alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, kisha akamtazama mama.

"Na chumba nilichokipaka rangi?"

"Nitakuja kukiona. Mtu huwatembelea wanawe."

Shemeji alivuta pumzi akatabasamu, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu. Kifaranga mmoja alipita chini ya shuka, akakanyaga pindo jeupe, akaacha alama ya mguu. Ufagio ulikuwa karibu yangu. Niliuacha ulipo.

"Basi angalau niwasaidie kuanua," shemeji alisema, akanyoosha mkono kwenye kibanio. "Yamekauka haya."

"Acha," mama alimwambia. "Leo Jumapili. Tutayakunja kesho, mimi na huyu."